Hatua ya Mraba Mmoja

Mwenye kete nyeupe ameshacheza. Amemsukuma askari aliye mbele ya mfalme wake miraba miwili mizima, akamsimika katikati ya ubao kama mtu anayechimbia nguzo kwenye kiwanja anachokijua kuwa ni chake. Sasa ni zamu ya mwenye nyeusi. Anaweza kujibu kwa ukubwa uleule, miraba miwili, askari kwa askari, uso kwa uso. Wengi hufanya hivyo na hawakosei. Lakini Vera Menchik, bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake katika sataranji, mara nyingi alipoketi upande wa nyeusi alimshika askari wa mbele ya mfalme akamsogeza mraba mmoja tu. Kisha akangoja.

Hatua hiyo nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilianza kuitazama kwa makini mwaka ule niliokuwa namuuguza mama. Chumba chake kilikuwa kidogo: kitanda, kabati, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na kigoda nilichokalia mimi. Usiku alilala vipande vipande, nami nilihitaji kitu cha kunishika macho kisichopiga kelele. Nikawa naweka ubao juu ya sinia, nikairudia michezo ya zamani iliyoandikwa hatua kwa hatua, nikizisogeza kete polepole ili zisigonge.

Mama hakuujua mchezo huu. Lakini alisuka ukili tangu utotoni, na aliyesuka ukili anajua kuitazama mikono ya mwenzake. Usiku mmoja aliniona nikimsogeza yule askari mweusi, akasema kwa sauti iliyokuwa imebaki nusu:

"Mwanangu, mbona huyu umemnyima mguu mmoja?"

"Sikumnyima, mama. Ndivyo alivyotaka mwenyewe."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Baada ya kitambo akasema, "Basi anajua anakokwenda."

Wachezaji wanauita mwanzo huu Ulinzi wa Kifaransa. Jina lilitokana na mchuano wa barua baina ya miji miwili, London na Paris, ulioanza mwaka 1834 ukamalizika mwaka 1836. Watu wa Paris walijibu kwa hatua hii, na hatua ikabaki na jina lao. Napenda kuziwazia barua zile. Mraba mmoja umeandikwa kwenye karatasi, karatasi imekunjwa, imepanda gari la farasi, imevuka bahari, na upande wa pili watu wazima wameizunguka meza wakiisubiri. Kisha nao wanafikiri kwa siku kadhaa, wanajibu, na kungoja kunahamia kwa wenzao. Miaka miwili ya namna hiyo. Naona kuna aina ya dua inayofanana na mchezo ule: umeshapeleka lako, dogo, na siku zinapita huku jibu likiwa njiani au halijaandikwa bado.

Gharama ya hatua hii huonekana papo hapo. Nyuma ya askari yule yumo askofu atembeaye kwenye miraba myeupe. Askari alipokwenda mraba mmoja na kusimama, alisimama mlangoni pake. Askofu huyo, ambaye angeweza kuruka kutoka pembe moja ya ubao hadi nyingine, sasa anatazama mgongo wa askari wake mwenyewe. Wenye mchezo humwita askofu mbaya, ingawa yeye hakutenda lolote. Kisha mwenye nyeupe huleta askari wa pili, miraba miwili tena, na katikati panakuwa pake. Mwenye nyeusi naye humsukuma askari wa malkia amguse yule wa kwanza. Mara nyingi mwenye nyeupe hukataa kubadilishana. Anampitisha askari wake mbele zaidi, na ubao unafungika. Upande mmoja una nafasi ya kupumua. Upande wa pili umebanwa.

Hapo ndipo linaponijia neno letu dhiki. Lilipotoka, kwenye Kiarabu, lilikuwa kwanza neno la wembamba: njia nyembamba, kifua kilichobana. Na neno tunalolitumia kwa kinyume chake, faraja, asili yake ni kufunguka, vitu viwili kuachana hata upenyo ukaonekana kati yao. Kiswahili kiliyapokea yote mawili kikayatia moyoni, hata tukasahau kwamba zamani yalikuwa maneno ya nafasi. Tunaposema fulani yumo dhikini tunafikiria njaa au madeni. Mimi niliyasikia upya maneno haya mle chumbani, nikiwa kwenye kigoda, magoti yangu yakigusa kitanda cha mama.

Neno sataranji lenyewe limesafiri. Lilianzia Bara Hindi kama chaturanga, maana yake viungo vinne vya jeshi, likapita Uajemi, likapita kwa Waarabu likawa shatranji, likafika pwani yetu. Vijana wengi siku hizi husema chesi, nalo si baya, ila sataranji ina vumbi la njia nzima hiyo. Katika sataranji ile ya kale malkia hakuwapo. Kando ya mfalme alikaa waziri, firzani, aliyetembea mraba mmoja tu wa mshazari. Malkia mwenye nguvu tunayemjua leo alipata mwendo wake mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania. Tena, na jambo hili lilinishtua nilipolitambua, askari wa kale hakuwa na hatua ya miraba miwili hata kidogo. Ruhusa hiyo waliiongeza watu wa Ulaya baadaye ili mchezo uharakishwe. Kwa hiyo mraba mmoja ndiyo hatua ya asili. Kila Vera Menchik alipoichagua, mkono wake ulikwenda mwendo waliokwenda watu wa Baghdad miaka elfu nyuma.

Watu wale wa Baghdad, akina al-Adli na as-Suli wa karne ya 9 na ya 10, waliandika vitabu juu ya mchezo huu, na walikuwa na neno kwa ajili ya ufunguzi: taabia, kulipanga jeshi kabla ya vita. Kete zilikuwa nzito, mwendo wao mfupi, basi kila mchezaji alitumia hatua nyingi kupanga upande wake kabla hata askari mmoja hajaguswa. Mwanzo ulikuwa kazi ya ndani. Waswahili tunasema mwanzo wa ngoma ni lele, na kwa kawaida tunamwonya mtu kwamba makubwa yanakuja. Nikiisikiliza methali hiyo kwa sikio jingine, naisikia ikimsifu yule anayetoa lele bila kujua ngoma itakavyokesha.

Kuna hekaya moja ya zamani hizo siwezi kuiacha. Mwana wa mfalme alicheza kamari ya sataranji, akapoteza mali yake yote, mwisho akamweka rehani mkewe Dilaram. Mchezo ukamwendea vibaya. Dilaram, aliyekuwa akitazama, akaona ambacho mumewe hakukiona, akamhimiza atoe ngome zake mbili lakini yeye asimtoe. Mume akafuata, akashinda. Watu huisimulia kwa ajili ya uzuri wa zile hatua za mwisho. Mimi kila nikiisikia namfikiria mwanamke yule aliyeujua mchezo kuliko wote mle ndani, na nafasi yake mezani ikawa ni ya kitu kinachoshindaniwa. Ilichukua karne nyingi sana kwake kukivuta kiti akaketi.

Alipoketi, mmoja wa wale walioketi mwanzo alikuwa Vera. Alizaliwa Moscow mwaka 1906, baba Mcheki, mama Mwingereza. Baba alimfundisha mchezo akiwa na miaka tisa. Yakaja mapinduzi, familia ikapoteza kinu chake na nyumba, na mwaka 1921 mama na mabinti zake wawili wakahamia kwa bibi yao, katika mji wa Hastings kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Vera alikuwa na miaka kumi na mitano. Kiingereza hakukijua. Hebu mwazie msichana wa umri huo katika mji wa kigeni, maneno yamemkauka, na siku moja anaingia kwenye chumba cha klabu ya sataranji ambamo watu wazima wamenyamaza. Mahali pengine pote ukimya wake ulikuwa upungufu. Humu kila mtu alikuwa amenyamaza kama yeye.

Humo Hastings alimpata mwalimu, Géza Maróczy, Mhungaria, mmoja wa mabingwa wakubwa wa enzi yake, ambaye mwenyewe aliupenda Ulinzi wa Kifaransa. Alimfundisha kukaa mahali pembamba bila kuhangaika. Mwaka 1927 yalipofanyika London mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa wanawake, Vera alikuwa na miaka 21. Alipata pointi 10 na nusu kati ya 11. Kutoka hapo akaulinda ubingwa huo Hamburg, Prague, Folkestone, Warsaw, Stockholm na Buenos Aires. Katika mashindano hayo yote saba alicheza michezo 83: akashinda 78, sare nne, akashindwa mmoja tu, Hamburg mwaka 1930, na Wally Henschel.

Dhidi ya wanaume njia haikuwa hivyo, na sitaki kuificha, kwa sababu humo ndimo ninamomwona vizuri zaidi. Mwaka 1929 alialikwa Karlsbad, kwenye mashindano ya mabingwa wazito wa dunia. Albert Becker wa Vienna alifanya mzaha kwamba yeyote atakayeshindwa na mwanamke huyo aingizwe katika klabu ya Vera Menchik. Becker akawa mwanachama wa kwanza. Baadaye walijiunga wakubwa kuliko yeye, akiwamo Max Euwe, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, na Sultan Khan wa Bara Hindi. Hadithi hii hupendwa, na watu huishia hapo wakifurahi. Mara chache huongeza kwamba Vera alimaliza wa mwisho pale Karlsbad. Moscow mwaka 1935, katika mji aliozaliwa, alimaliza wa mwisho tena, michezo 19 bila kushinda hata mmoja. Siku njema nazo zilikuwapo. Mwaka uleule wa 1929, kabla ya Karlsbad, huko Ramsgate, alimaliza sawa na Akiba Rubinstein, nusu pointi nyuma ya Capablanca, mbele ya mwalimu wake Maróczy.

Ninachokitazama ni hiki: baada ya Karlsbad alikwenda tena. Alijua kilichomngoja. Alikaa kwenye kiti kilekile, saa ikawashwa, mtu wa mbele yake akachukua katikati yote, naye akamsogeza askari mraba mmoja. Najua tofauti ya subira na kukata tamaa ni ngumu kuiona ukiwa nje. Mgonjwa aliyelala akiugeukia ukuta na mgonjwa aliyelala akimtaja Mola wake, kwa macho yetu wamelala namna moja. Kwenye ubao, walau, tofauti hiyo inaonekana, na nadhani ndiyo sababu niliushika mchezo huu usiku ule wote.

Maana mwenye nyeusi hakai tu. Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga aliyefikiri sana juu ya jambo hili na kuliandikia kitabu mwaka 1925, aliwatazama askari waliopangana kwa mshazari, mmoja akimlinda mwenzake, akauita mpangilio huo mnyororo. Mnyororo una kichwa na una shina. Kichwa ndicho kinachokukaba, yule askari mweupe aliyepita katikati akaja kusimama karibu na koo lako. Mkono wote unataka kumpiga yeye. Nimzowitsch akafundisha kwamba ushambuliwe shina, pale anapotegemea. Ndiyo maana katika Ulinzi wa Kifaransa, ubao ukishafungika, askari mweusi wa upande wa malkia hutoka akamgonga askari mweupe wa nyuma, aliyetulia, ambaye hakuwa akimtisha mtu. Ukimlegeza huyo, yule wa mbele anabaki hewani.

Nilipolielewa hili niliweka kete chini nikakaa kimya kwa muda. Kulikuwa na hasira kati yangu na ndugu yangu mmoja juu ya gharama za matibabu, maneno yalikuwa yametoka, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimjibu neno kwa neno, kichwa kwa kichwa. Sikuwahi kujiuliza maneno yake yamesimama juu ya nini. Yalisimama juu ya hofu: naye alikuwa akimpoteza mama, tena yuko mbali. Nilimpigia simu asubuhi ile baada ya swala. Sikusema kitu kikubwa. Nilimwambia mama amelala vizuri usiku, amemuulizia. Tukanyamaza wote wawili kwenye simu, na hatukugusa habari ya fedha.

Menchik alikuwa na mwenzake mmoja, na siwezi kumtaja Menchik bila kumtaja huyo. Sonja Graf alizaliwa Munich mwaka 1908. Baba yake alimtendea ukatili, naye aliukimbilia mchezo kama mtu anayekimbilia mlango. Alijifunza kwa Siegbert Tarrasch, bingwa mzee wa mji ule. Alivaa nguo za kiume, alivuta sigara, alicheza kwa kushambulia. Nimezitazama picha za wanawake hawa wawili mezani pamoja, Vera mnene, ametulia, Sonja mwembamba amejiinamisha mbele, na naona watu wawili wanaosali kwa lugha mbili. Mwaka 1937 walicheza mechi ndefu ya ubingwa huko Semmering, Austria. Vera alishinda michezo tisa, Sonja miwili, sare tano.

Walikutana tena mwaka 1939 huko Buenos Aires. Nataka kukaa kidogo juu ya siku zile. Timu kutoka nchi nyingi zilikuwa zimevuka Atlantiki kwa ajili ya Olimpiadi ya sataranji, na mashindano ya ubingwa wa wanawake yalichezwa sambamba. Sonja hakuja kama Mjerumani. Watawala wa nchi yake hawakumtaka, naye hakuwataka, akacheza chini ya bendera iliyoandikwa neno moja la Kihispania, *Libre*, huru. Vera naye alikuwa amekwisha cheza kwa jina la Urusi, la Chekoslovakia, na sasa la Uingereza. Tarehe 1 Septemba, michezo ikiendelea, vita vikaanza Ulaya. Wanaume wa timu ya Uingereza wakajitoa wakarudi kwao. Ndani ya ukumbi watu ambao nchi zao zilikuwa zimeanza kuuana walikuwa bado wametazamana kwenye meza ndogo, mikono ikipishana juu ya kete.

Katika mchezo wao wa siku hizo, Sonja alikuwa ameshinda. Nasema ameshinda kwa maana wanayoitumia wachezaji: nafasi ilikuwa yake, njia ilikuwa wazi, ilibaki kuitembea. Hakuitembea. Akakosea, na mchezo ukageuka, na Vera, ambaye alikuwa amebanwa kwa muda mrefu, akatoka hai. Vera alimaliza mashindano bila kushindwa, ushindi 17 na sare mbili. Sonja akawa wa pili kwa pointi 16. Kuna wanaousimulia mchezo ule kama somo juu ya haraka. Mimi siwezi. Mwanamke asiye na nchi, siku zile nchi yake ya zamani inapoiingiza dunia vitani, ameuona ubingwa wa dunia mbele yake, umbali wa hatua chache. Nani ana vidole visivyotetemeka? Nimemwombea Sonja mara nyingi, jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji, kuwaombea watu waliokwisha kufa kwa ajili ya mchezo walioupoteza.

Sonja alibaki Argentina, akaandika vitabu viwili kwa Kihispania, baadaye akaolewa na baharia aitwaye Vernon Stevenson akahamia Marekani, akawa bingwa wa wanawake wa nchi hiyo. Vera mwaka 1937 alikuwa ameolewa na Mwingereza mmoja wa uongozi wa sataranji, naye pia akiitwa Stevenson, bila undugu na yule mwingine. Hivyo wapinzani hawa wawili, Mcheki na Mjerumani, walimalizia maisha wakiwa na jina moja la ukoo.

Vera alirudi London yenye vita. Alikuwa msimamizi wa kituo cha sataranji kilichofunguliwa ndani ya duka la John Lewis, Oxford Street. Mwaka 1940 mabomu yakaliteketeza jengo. Mwaka 1943 mumewe akafariki. Akabaki nyumbani Clapham na mama yake na mdogo wake Olga, naye mchezaji. Mwezi Juni 1944 yalianza kuanguka London yale mabomu ya V-1 yanayoruka bila rubani. Usiku mmoja mwishoni mwa mwezi huo wanawake hao watatu waliteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba, kama walivyozoea. Bomu likaiangukia nyumba yenyewe. Vera alikuwa na miaka 38, angali bingwa wa dunia. Vikombe vyake, karatasi za michezo yake, vyote vikapotea pamoja naye. Kiti chake kilibaki tupu hadi Ludmila Rudenko alipokichukua Moscow, katika mashindano yaliyoanza mwishoni mwa 1949.

Nilipofika hapo kwa mara ya kwanza nilifunga daftari. Nilikuwa nimejenga katika kichwa changu fikra nzuri: mtu anayekubali wembamba atafunguliwa. Chumba kile cha chini kiliivunja. Yeye aliyejua kuliko wote kukaa mahali pembamba alifia mahali pembamba, na hakukuwa na askari wa kusukuma. Kwa siku nyingi sikugusa ubao.

Kilichonirudisha ni mama, bila yeye kujua. Alikuwa amefika hali ya kutoweza kuketi. Dini yetu inamruhusu mgonjwa aswali kama awezavyo, na asiyeweza kuinama huashiria kwa kichwa, na asiyeweza hata hilo huashiria kwa macho. Alfajiri moja nilimwona akiswali. Alichukua muda mrefu katika nia, mrefu sana, midomo ikitikisika, kama mtu anayepanga vitu vyake vyote kabla ya safari. Kisha akaanza. Rukuu yake ilikuwa kope zilizoshuka kidogo. Sijida yake ilikuwa kope zilizoshuka kidogo zaidi. Yule mwanamke niliyemjua tangu utoto akianguka sijida kwa goti na paji la uso, mkeka ukimwachia alama usoni, sasa mwendo wake wote ulikuwa umepungua ukawa upana wa ukope. Na sikuona kilichopungua. Niliona kwamba ile rukuu ya zamani, kubwa, yenye mgongo ulionyooka, ilikuwa tangu awali ni hii.

Sikupata jibu la kile chumba cha Clapham. Ila niliacha kuitazama hatua ya mraba mmoja kama ahadi ya kitu kitakachofuata. Niliweka kete mahali pake usiku ule nikaanza upya mchezo wake mmoja, na alipomsogeza yule askari, nilimtazama tu amesogea.

Mwaka 1957 wanawake walipopata Olimpiadi yao ya kwanza ya timu, huko Emmen, Uholanzi, kombe walilolishindania lilipewa jina la Vera Menchik. Wanalishindania hadi leo, wasichana kutoka kila bara, pamoja na wa Afrika Mashariki, na naamini wengi wao husogeza askari mraba mmoja bila kufikiria ni mkono wa nani uliotangulia.

Mama aliondoka mchana, nikiwa nimetoka kuchota maji ya kumnawisha. Baada ya siku za matanga watu walipotawanyika niliingia chumbani kukusanya vitu. Ubao ulikuwa bado juu ya sinia, chini ya kitambaa, mchezo umefika mwisho wake tangu usiku wa nyuma ambao siukumbuki. Nikaanza kuzirudisha kete kwenye mistari yake, kila moja mahali ilipoanzia, kama nilivyozoea kabla ya kuzitia mfukoni. Farasi alikuwa mbali, pembeni. Mfalme alikuwa amehama. Askari wengi walikuwa nje ya ubao, wamelala kwenye sinia. Nikafika kwa yule askofu mweusi wa miraba myeupe, mkono nimeshaunyoosha. Alikuwa kwenye mraba wake wa kwanza. Mchezo wote ulikuwa umepita na yeye hakuwa amesogea, hivyo nikamwacha alipokuwa, nikawapanga wengine wakimzunguka.